Rangi ya Mtamba wa Harusi

Mama alifika studio siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi, ameteremka kwenye lori la pamba akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Nilimwamkia, akaitikia nusu. Alifungua pindo la kitenge, akatoa picha iliyofungwa kwenye gazeti, akaiweka mezani mbele yangu.

"Nitengenezee kubwa," alisema. "Kubwa ya kuonwa na watu wote wakiwa wamekaa. Alhamisi ndiyo wanakaa."

Picha niliijua kwa sababu niliipiga mimi. Mtamba amefungwa kwenye mgunga, jua ndiyo kwanza linachomoza, saa moja kabla hajachinjwa kwa ajili ya harusi ya kijana wa jirani yetu. Mtamba mwekundu, wekundu ule wa udongo wa kichuguu, na baka jeupe chini ya tumbo. Siku sita kabla ya harusi hiyo, mtamba wa mama alikuwa ametoweka malishoni. Naye alikuwa mwekundu hivyo hivyo, na baka jeupe pale pale.

Alhamisi wanaume wa kitongoji walikuwa wanakaa kuamua jirani yetu afukuzwe kijijini au abaki. Kusema kweli walishaamua. Walichokuwa wanatafuta ni kitu cha kuweka mbele ya macho ya wote, asiwepo wa kusema baadaye kwamba mtu ameonewa. Kitu chenyewe ni picha yangu.

Huyo jirani si mtu wa kupita. Baba alipofariki, msimu wa mvua ulikuwa umeanza na sisi hatuna mtu wa kushika jembe la ng'ombe. Alikuja na maksai wake akalima shamba letu kabla ya kugusa lake, mwaka ule na mwaka uliofuata, na hakuwahi kulitaja tena. Mkewe na mama walizaa mwaka mmoja, wakachota maji pamoja miaka ishirini na kitu. Mimi nilikuwa nikila kwao bila kuuliza kama kuna chakula. Nilimwita baba, na sikuwa namwita hivyo kwa heshima tu.

Sasa mtu kama huyo anaiba mtamba wa mjane. Mimi niliamini. Niliamini kabla ya watu wengi, kwa sababu ushahidi ulitoka mkononi mwangu, na nilikuwa na kiburi na kazi yangu kuliko mtu yeyote pale Bariadi.

Mambo yalianza hivi. Harusi ilifanyika baada ya mavuno ya pamba. Wiki tatu baadaye nilipeleka albamu, na kama ilivyo kwetu, wanawake wa jirani wakaja kuitazama, wakakaa uani na mihogo ya kuchemsha wakicheka sura zao. Mama alikuwemo. Akafunua ukurasa wa mtamba, akanyamaza, akaifunga albamu polepole, akaondoka bila kuaga. Kesho yake akaenda kwa balozi wa nyumba kumi.

Jirani aliitwa. Akasema mtamba alimnunua njiani, kabla ya kufika mnada wa Mwandoya, kwa mtu asiyemjua. Karatasi hana. Watu wengi wakati ule walinunua njiani kukwepa ushuru, kila mtu alilijua hilo, lakini siku hiyo hakuna aliyelikumbuka. Akasema mtamba wake alikuwa wa rangi ya majani makavu, wa manjano manjano, si mwekundu. Waliomchinja asubuhi ile wakasema hivyo hivyo, ila walikuwa wanawe na shemeji yake. Wageni waliofika kucheza walimkuta keshakuwa mchuzi. Ngozi ilichukuliwa mchana ule ule na wanunuzi. Miaka hiyo biashara zilikuwa zimefunguliwa, kila siku lori jipya, kila lori na mizani yake, hakuna anayemuuliza mwenzake katoka wapi. Ngozi ile labda ilishavuka bahari.

Kwa hiyo ilibaki picha, iliyong'olewa kwenye albamu. Wanaume wakaitazama, wakapeana, wakasema hapa hakuna la kubishana. Wakamtenga.

Mtu wa mjini ukimwambia fulani ametengwa anafikiri ni kununiwa. Siyo. Hakuna wa kukuamkia, na anayekuamkia anatoa mbuzi. Mashine ya kusaga haikupokei. Wenzako wa kusafisha mashamba kwa zamu hawaji kwako na wewe huendi kwao. Mke wa jirani yetu alikuwa akienda kisimani wengine wakisharudi. Mjukuu wao alipata homa kali, baiskeli zipo kila boma, hakupewa hata moja. Mzee yule alimbeba mtoto mgongoni hadi zahanati, watu wanamtazama anavyopita. Haya niliyasikia nikiwa mjini, wiki sita mfululizo, na nikaendelea kusafisha picha za watu.

Basi siku hiyo ya Jumatatu nilimpa mama kiti na soda, nikawasha kompyuta nitafute faili la mtamba. Nilikuwa na haraka ya kumridhisha. Na hapa inabidi nieleze kidogo kazi yetu, vinginevyo utaniona mjinga zaidi ya nilivyokuwa.

Nilikuwa na kamera mbili za kampuni mbili tofauti. Ya kwanza niliinunua Mwanza, mtumba, kwenye duka lililouza kamera, majiko na betri za magari. Ya pili niliuziwa na mtu aliyekuwa akirudi kwao baada ya kazi za mradi. Zote zilikuwa na uwezo wa kupiga picha ghafi. Picha ya kawaida kamera inakupikia yenyewe. Picha ghafi ni kama pamba iliyotoka shambani na mbegu zake, haijachambuliwa, na anayeichambua ni wewe mwenyewe kwenye programu ya kompyuta. Nilijifunza kazi hiyo kwa kitabu kilichochakaa na kwa kukosea. Nilikuwa peke yangu niliyeijua pale mjini, na nilihakikisha watu wanalijua hilo.

Kamera ya kwanza ilikuwa na tabia ya kuwafanya watu wetu wawe na rangi ya ugonjwa, kama ngozi iliyopakwa kijani. Niliipatia dawa: navuta wekundu juu, napunguza kijani, nasukuma manjano kuelekea nyekundu, uso unarudi kuwa uso. Dawa hiyo niliihifadhi. Kila nikimaliza harusi, naibandika kwenye picha zote kwa mkupuo, za kamera ya kwanza na za kamera ya pili, halafu nakwenda kunywa chai. Kamera ya pili haikuwa na ugonjwa huo. Yenyewe kwa tabia yake tayari inaegemea wekundu. Ukiipa dawa ya mwenzake unaizidishia. Niliona baadhi ya nyuso zimewiva kupita kiasi, nikazirekebisha moja moja zile za maharusi, nyingine nikasema potelea mbali, wateja wanapenda rangi kali.

Nililibofya faili la mtamba, picha niliyoipiga kwa kamera ya pili. Kompyuta yangu ilikuwa nzito. Kabla ya kufungua picha yenyewe inakuonyesha kwanza kile kipicha kidogo ambacho kamera imejipikia, halafu ndiyo inaleta picha ghafi pamoja na dawa zako. Kwa kawaida hilo sikulitazama, nilikuwa natumia muda huo kujikuna. Siku hiyo nilikuwa natazama.

Mtamba alikuwa wa manjano. Akakaa hivyo kwa muda wa kupepesa macho mara mbili. Halafu akawa mwekundu.

Nilifunga faili nikalifungua tena. Manjano, kisha mwekundu. Tena. Mama alikuwa nyuma yangu anakunywa soda kwa mrija, hakuona kitu, au aliona hakuelewa.

"Inachukua muda gani?" aliuliza.

"Mayu, printa ina tatizo," nilisema. "Lala kwangu, Jumatano itakuwa tayari."

Ni mara chache nimemdanganya mama, na kila mara nimejua ninapoanza. Alinitazama kidogo, akachukua kikapu chake akaelekea chumbani kwangu, mtaa wa pili. Nilifunga mlango wa studio nikakaa chini sakafuni.

Nilitaka nijiambie kwamba kipicha kile nacho ni maoni tu ya kamera. Na ni kweli, kamera nayo hupika. Inaweza kumfanya mwekundu awe wa manjano kama mimi nilivyoweza kumfanya wa manjano awe mwekundu. Nilimkumbuka mtamba mwenyewe nilipokuwa nimesimama mbali nikiwa na lenzi ndefu, nikajaribu kuona rangi yake, nikaona wekundu. Lakini wekundu huo ulikuwa wa picha. Miezi miwili nilikuwa nikiitazama picha, na picha ilikuwa imekaa juu ya kile nilichokiona kwa macho. Sikuwa na kumbukumbu nyingine. Mpiga picha mzima, mtu wa kusifiwa, na sikujua nilikuwa nimesimama mbele ya ng'ombe wa rangi gani.

Kitabu kilisema kila kamera itengenezewe profaili yake ya rangi. Unapiga kadi yenye rangi zinazojulikana, unaifundisha programu kwamba kamera hii inapoona hivi maana yake ni hivi, na kamera ile inapoona vile maana yake pia ni hivi. Baada ya hapo kamera mbili zinasema jambo moja. Sura hiyo nilikuwa nimeiruka. Kadi yenyewe haikuuzwa hata Mwanza, na mimi na haraka zangu nikaona ni mambo ya wazungu wasio na kazi.

Jumanne saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa nyuma ya studio na ubao. Juu yake niliweka vitu ambavyo macho yangu hayawezi kubishana navyo: pamba safi iliyochambuliwa, majivu, mkaa, udongo wa kichuguu, punje za mahindi ya njano, jani la mpera, kipande cha dumu la mafuta la manjano, na kiganja changu mwenyewe. Jua lilipotokeza nilipiga kwa kamera ya kwanza, nikapiga kwa ya pili, bila kusogea. Kisha nikabeba ubao hadi ndani nikauweka mlangoni kwenye mwanga, kando ya kioo cha kompyuta, nikaanza kulinganisha kitu kimoja kimoja. Umeme ulikatika saa tatu. Ukarudi saa saba. Nilimtukana kila mtu wa umeme niliyewahi kumwona, kisha nikaendelea.

Kufikia saa kumi jioni, nilikuwa na profaili mbili. Ubao uliopigwa na kamera ya kwanza na ubao uliopigwa na ya pili ulionekana ubao mmoja, na wote ulifanana na ule uliokuwa mlangoni. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya na sikufurahi hata kidogo. Nilijua kinachofuata.

Nilifungua mtamba, nikafuta dawa ya zamani, nikaweka profaili ya kamera ya pili. Akawa wa manjano. Rangi ya majani makavu, kama alivyosema jirani yetu mwenyewe. Nikarudia kutengeneza profaili upya kwa kutia shaka kila hatua, natafuta kosa. Nilikuwa natamani mno nikosee. Nikitoka na mtamba mwekundu, mama atakuwa na haki, na mimi nitakuwa fundi. Akatoka wa manjano mara ya pili, na mara ya tatu.

Kisha nikaona dumu. Kwenye pembe ya picha, miguuni mwa mtamba, kulikuwa na dumu la mafuta la lita ishirini, lile lile la manjano lililoko kwenye kila nyumba kuanzia Kasoli mpaka ng'ambo ya mto. Nilichukua picha aliyokuja nayo mama, ile iliyokuwa kwenye albamu. Dumu lilikuwa la rangi ya papai lililoiva. Watu wote wa kitongoji walikuwa wameishika picha hiyo mikononi, wameipeleka karibu na macho, na hakuna aliyeuliza dumu la namna hiyo linauzwa wapi. Mimi mwenyewe niliyeitengeneza sikuuliza. Wote tulikuwa tunamtazama ng'ombe.

Jumatano nilimwambia mama. Nilimkalisha studio, nikamwonyesha manjano na wekundu, nikamwonyesha dumu. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza swali moja.

"Kwa hiyo mtamba wangu yuko wapi?"

"Sijui, mayu."

"Hujui." Akatikisa kichwa. "Nimekaa wiki sita simwamkii mwanamke aliyemkata kitovu mdogo wako. Nimepita mlangoni kwake nikatazama upande mwingine. Sasa wewe mwanangu unaniambia ulibonyeza mahali."

Ndivyo ilivyokuwa, nilibonyeza mahali.

"Na kesho utasimama useme?"

"Nitasema."

"Wale ni wanaume. Wewe ni mwanamke, huna mume, huna hata mbuzi kwenye kitongoji kile. Na mimi nitakuwa nimekaa wapi wakati unasema?"

Alikuwa na hofu. Nilifikiri ni hasira, mpaka nilipoona anavyoshindwa kufunga fundo la kitenge. Mtu aliyemsingizia mwenzake wizi wa ng'ombe, kwetu, naye anaweza kutengwa. Alikuwa amelijua hilo kabla yangu. Aliondoka na gari la mchana peke yake, hakutaka nimsindikize.

Sitajifanya shujaa. Jumatano jioni nilifikiria kubaki mjini. Nilifikiria kusema printa imekufa kabisa. Picha kubwa isipokuwepo, pengine wangeahirisha, pengine mambo yangepoa yenyewe. Halafu nikafikiria mtoto mwenye homa mgongoni kwa babu yake. Nikapakia kamera zote mbili na kompyuta, na betri niliyoichaji mpaka ikajaa, ingawa ilikuwa imechoka na haidumu saa mbili mfululizo.

Mkutano ulikuwa saa nne asubuhi, uwanja wa kituo cha kununulia pamba. Wanaume kama sitini, kwenye viti vya kukunja na magunia. Wanawake walikaa mbali, chini ya paa la ghala, na mama alikuwa mwishoni kabisa. Jirani yetu alikuwa amesimama peke yake upande wa jua. Alikuwa amekonda. Nilipopita karibu yake sikumwamkia, kwa sababu amri ilikuwa bado ipo, na nitasema wazi kwamba niliogopa kutozwa mbuzi. Hata siku hiyo, kwa kazi niliyokwenda kuifanya, niliogopa mbuzi.

Mwenyekiti wao, mtu wa makamo mwenye sauti ndogo, aliniambia nitoe picha kubwa.

"Sijaleta," nilisema. "Picha mliyoitazama ina makosa, na makosa ni yangu."

Kelele zikapanda. Mmoja akasema huyu ameshahongwa. Mwingine akauliza tangu lini mikutano hii inasikiliza wanawake. Mwenyekiti akanyoosha mkono, akaniambia niseme haraka. Nilijikaza kisabuni, nikainua ile picha ya kwenye albamu.

"Naomba mtu mmoja aniambie dumu hili ni la rangi gani."

Ikapita kwa watu watano. Wa tano akasema, "Ni kama chungwa."

"Nani hapa ana dumu la mafuta la rangi ya chungwa?"

Picha ilianza kuzunguka tena, sasa polepole, na wale walioipeleka mbele bila kuitazama wakairudisha.

Mzee mmoja wa mstari wa mbele, aliyekuwa na ng'ombe wengi kuliko wote, aliuliza kwa upole uliokuwa mbaya kuliko kelele. "Binti, kwa hiyo kwenye mashine yako unaweza kumfanya ng'ombe awe rangi yoyote?"

"Ndiyo, baba."

"Hata bluu?"

"Hata bluu."

Wakacheka. Yeye hakucheka. "Basi juzi ulimfanya mwekundu ukasema ndiyo kweli. Leo unamfanya wa manjano unasema ndiyo kweli. Kesho akija mwingine na soda mbili utamfanya mweusi. Kwa nini tukuamini leo?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nimeliogopa tangu Jumanne. Nilisema, "Msiniamini mimi. Leteni ng'ombe."

Walileta wawili kutoka kwenye kundi lililokuwa likinyweshwa karibu, mmoja mwekundu, mmoja wa rangi ya majani makavu. Niliwasimamisha pamoja, nikawapiga kwa kamera ya pili. Nikaweka kompyuta juu ya mizani ya pamba na kuwaita waje watatu watatu. Kwanza niliwaonyesha wale ng'ombe kwa dawa yangu ya zamani. Kwenye kioo walisimama ng'ombe wawili wekundu. Mbele yetu, hatua kumi, walikuwa wamesimama mwekundu na wa manjano, wanapiga mikia. Watu walitazama kioo, wakatazama ng'ombe, wakatazama kioo. Kisha nikaweka profaili, na kioo kikafanana na uwanja. Mwisho nikafungua mtamba wa harusi, kwanza kwa ile ya zamani, kisha kwa profaili ile ile. Betri ilikuwa nusu.

Mzee wa mstari wa mbele alirudi mara mbili. Mara ya pili aliinama sana, akaelekeza kidole kwenye dumu, sasa la manjano, akaguna.

Walinong'ona pengine robo saa. Nilitazama upande wa wanawake, mama alikuwa ameinamisha kichwa. Halafu mwenyekiti akasimama akasema jambo limekwisha, jirani yetu amesafishika, kuanzia sasa aamkiwe, arudi kwenye zamu, mashine impokee. Kuhusu mama, akasema alitazama kama tulivyotazama sote, hana kosa la peke yake. Alikaa chini, na mtu mmoja akaanza habari ya bei ya mbegu za msimu unaokuja.

Yaani ndivyo. Wiki sita zilifungwa kwa maneno ya kumaliza kikombe cha chai. Hakuna aliyesema samahani. Wanaume wawili watatu walimwamkia jirani yetu kwa sauti ya juu, kama watu waliotoka safari, na yeye akaitikia kila mmoja, taratibu, mpaka wakaisha. Kisha akanijia mimi. Nilikuwa nafungasha nyaya, na ndani yangu, Mungu anisamehe, nilikuwa nangoja shukrani.

"Picha zangu ziko ngapi kwenye hiyo mashine?" aliuliza.

"Za harusi? Mia nne na kumi na mbili, baba."

"Kuna sehemu nyingine zipo?"

"Hapana. Ni hapa tu."

"Twende nyumbani."

Nilimfuata. Mama alitoka chini ya ghala akatufuata kwa mbali, alipofika kwenye uzio wa miiba wa boma lao akasimama nje. Hakukaribishwa, na hakuomba. Uani nilikuta magunia yameshafungwa, vyungu vimepangwa kwenye mkokoteni. Nilidhani walifungasha kwa ajili ya kufukuzwa, nikasema kwa furaha ya kijinga kwamba sasa wanaweza kufungua.

"Tunakwenda Lingeka kwa kaka yake mke wangu," alisema. "Kesho."

"Lakini baba, wamekusafisha."

"Nimesikia." Alinivutia kigoda, heshima ile ile ya siku zote, na hiyo ndiyo iliniumiza. "Ulikuwa unalala hapa ukiwa mdogo. Ulikula hapa. Ulipoona picha ile hukuja kuniuliza, baba huyu ng'ombe ulimtoa wapi. Uliiuliza mashine, na hata mashine umeiuliza juzi tu, baada ya wiki sita. Sikugombezi. Ila sitaki nibaki kwenu hata kwa picha. Zifute."

Albamu alikuwa ameshaitia motoni. Nilimwambia naweza kuzifuta zote kwa mara moja.

"Moja moja," alisema. "Nataka nizione zikienda."

Mkewe alikuja akakaa nyuma yetu kwenye mkeka. Nilianza. Kila picha nilikuwa nimeiwekea profaili Jumatano, zote, za kamera mbili, sijui kwa nini, labda nilitaka niwaletee kama zawadi. Kwa hiyo zilifunguka moja moja zikiwa sahihi kwa mara ya kwanza. Bwana harusi akivaa viatu. Bibi harusi akilia kwa shangazi yake. Kwaya. Mashangazi. Kila moja ikikaa kidogo, namtazama, anaitikia kwa kichwa, nafuta. Machozi yalikuwa yananidondokea kwenye vitufe. Betri ilikuwa robo.

Ilikuja picha ya mkewe na mama wanacheza. Wameshikana mikono, mama amefunga kitenge cha yule, yule amefunga cha mama, vinywa wazi. Nilipeleka kidole.

"Hapo subiri," mkewe alisema.

Akasogea, akaweka mkono begani mwangu ili aone vizuri. Alitazama kwa muda mrefu. Nje ya uzio mama alikuwa bado amesimama juani, tulimwona sote.

"Rangi zimekaa sawa," alisema mkewe. "Ndivyo tulivyokuwa siku ile."

Mumewe alikuwa amemwachia yeye aamue. Mkewe aliutoa mkono begani kwangu, akarudi kwenye mkeka wake.

"Futa," alisema.

Nikafuta. Zilikuwa zimebaki mia mbili na kitu, tukaendelea.